Mama Labo na Mwizi wa Pili

Ukipita nyuma ya kituo chetu cha afya, upande wa juu wa reli, saa sita mchana, ukaona wanaume wazima wenye tai wakirukaruka uani kama vyura, usidhani kanisa jipya limefunguliwa Kalemie. Ni agizo la Mama Labo, mpimaji wa maabara yetu, yaani labo. Amekwisha kustaafu, lakini miguu ya watu inaendelea kumtii. Mayai ya minyoo ya bilharziose, ugonjwa ambao majirani zetu wa Kigoma wanauita kichocho, hutoka kwa wingi katika mkojo wakati wa mchana, na hutoka vizuri zaidi mtu akiutikisa mwili kwanza. Kwingine wanapokea chupa yako na kukuambia urudi kesho. Yeye alikuwa akisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, akipaza sauti: "Ruka, Papa! Ruka! Minyoo haiogopi cheo!"

Nami nilirukaruka pale, wakati wa mvua, nikiwa mwalimu mwenye shahada ya falsafa na tumbo la mtu anayekaa sana. Nilikuwa nimekojoa damu. Kwa mtu wa umri wangu, aliyekulia Ankoro akiogelea kila siku katika mto Luvua, damu katika mkojo inaweza kuwa ya minyoo, na inaweza kuwa ya kanseri ya kibofu. Chooni zote mbili ni nyekundu. Ya kwanza inatibiwa kwa vidonge. Ya pili, ukiichelewesha, inakuzika. Nilitaka sana kujua yangu ni ipi, na papo hapo sikutaka kabisa kujua. Ni katika hali hiyo ya heshima kwamba nilianza kumfahamu mwanamke ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nikimsalimia tu njiani.

Dereva mmoja wa taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, alipunguza mwendo akanitazama ninavyoruka.

"Papa Falsafa! Leo njo sport?" akauliza; "njo" ni "ndiyo" yetu.

"Anatafuta minyoo!" Mama Labo akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti iliyofika relini. "Umuombee apate!"

Nilidhani ni mwanamke asiyejua kutunza siri. Baadaye niligundua kwamba maswali ya watu aliyatangaza kila mahali, lakini majibu yao hakuyatangaza hata mara moja. Mtaa mzima ulijua nani kaenda kupimwa nini. Nani alikutwa na nini, hata mume wa Mama Labo hakujua, na alijaribu kuuliza.

Hakuwa mnyenyekevu. Nalisema hili mapema kwa sababu wasomaji wetu wanapenda wafanyakazi wa hospitali wawe wanyenyekevu. Yeye alikuwa na diploma yake ukutani katika fremu ya dhahabu, juu kuliko kalenda na juu kuliko picha ya Yesu, na ukimwambia ni nzuri alikuambia hata alama alizopata. Koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Chini ya koti alivaa vitenge vya harusi, kila siku, na hereni zilizogonga darubini kila alipoinama kuchungulia. Alisema mayai ya minyoo hayajawahi kulalamika. Aliwahi kubishana na daktari mmoja mgeni juu ya homa ya mgonjwa fulani, akashindwa, na daktari ndiye aliyekuwa sahihi. Basi hakumsalimia daktari yule mpaka mvua zikaisha. Lakini kila wiki alimtumia samaki, mukeke mzuri wa kukaangwa, kupitia kwa mlinzi, na maagizo kwamba asiambiwe samaki wametoka kwa nani. Kila mtu alijua wametoka kwa nani. Daktari alikula, akanenepa, akahamishwa.

Familia yake ni watu wa kaskazini mwa ziwa, wavuvi na wachuuzi ambao mashua zao zinakwenda Kigoma na kurudi na sukari, ndoo na masufuria. Maji yaliwalea wote. Yeye peke yake hayagusi. Alipokuwa akisafiri kwenda kuwaona ndugu, alibebwa mgongoni kutoka ufukweni mpaka kwenye mashua, kama tunavyofanya na abiria wengi, ila abiria wengi hunyamaza. Yeye, mwanamke mkubwa wa mwili, viatu mkononi na mkoba kichwani, alimfundisha mbebaji njia nzima.

"Baba, miguu yako iko mu maji saa hizi, unajua kile kinaingia?"

"Mama, usijitikise, tutaanguka."

"Kuna kikonokono kidogo hapo pa majani, mutoto wa minyoo anatoka mule, anapita ku ngozi yako bila kubisha hodi!"

"Mama, njo weye utanipasua mugongo mbele ya minyoo."

Wabebaji walikuwa wakipiga kura nani ambebe. Hata hivyo wengi wao walifika labo, mmoja baada ya mwingine, kuruka saa sita.

Kanisani alikuwa sauti ya pili, alto, na alisali kwa machozi. Nisingependa mtu adhani sayansi ilimnyima Mungu. Jumapili moja mvuvi mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Alisema alikuwa akikojoa damu, akafunga na kuomba, na damu imekauka kabisa. Kanisa likalipuka kwa vigelegele, ngoma ikaanza kupigwa. Mama Labo naye alipiga kigelegele, tena kirefu kuliko cha wengine wote, akainuka katika safu ya kwaya, akasema: "Amina, ndugu yangu! Mungu ni mwema! Kesho saa sita ulete mukojo."

Kiongozi wa ibada alimwomba aketi. Aliketi, lakini mvuvi alikwenda.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, na nadhani ni kosa la watu wa mito na maziwa tu. Kwetu Ankoro mvulana aliyeanza kukojoa damu alionekana ameanza kuwa mwanaume. Tulisimama mchangani, tukashindana kwa umbali na kwa rangi, na mwenye nyekundu aliheshimiwa. Kwa hiyo damu ile haikuwahi kututisha. Tulikua nayo kama mtu anavyokua na jina la utani. Ikimrudia mtu mwenye mvi, anacheka, anasema "utoto umerudi", anaomba vidonge kwa shemeji aliyebakiza vichache, anameza, damu inakoma, basi. Mama Labo alikuwa akiuchukia msemo huo wa utoto kuliko matusi. "Utoto haurudiake," alisema. "Kama kuna kitu kimerudi, uliza kinaitwa nani."

Siku ya kuruka kwangu, baada ya kukabidhi chupa, nilimuuliza swali ambalo niliona ni la akili.

"Mama, kwa nini usinitoe damu ya mkono tu, ukaniambia moja kwa moja kama ni minyoo ao kanseri?"

Alivua miwani. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba unapewa somo, na kwamba wagonjwa wengine watangoja.

"Papa Falsafa, nikiuliza damu yako kama kuna vita mu mwili, itasema ndiyo. Minyoo njo vita. Kanseri njo vita. Ni sawa mbwa wa jirani. Anabweka, lakini hakuambii kama ni mwizi ao ni shemeji."

"Basi uiulize kama imeshakutana na minyoo."

"Weye, muntu wa Ankoro? Itasema ndiyo mpaka siku tutakuzika! Damu inakumbuka sana, Papa, lakini haijui tarehe."

Nilikuwa nimesoma vitabu vinene kuhusu kumbukumbu, na hakuna kilichonipa sentensi ambayo nimeirudia mara nyingi kama ile. Sijamwambia. Angeiweka kwenye fremu.

Kisha akaniambia, uso ukimng'aa, kwamba huko mbali wataalamu wanatafuta alama ndani ya damu: kitu ambacho minyoo hai peke yake inakidondosha, na kingine ambacho uvimbe peke yake unakidondosha, ili vikisomwa pamoja mtu ajue ni nani yumo. Alifuatilia habari hizo kama wengine wanavyofuatilia mpira. Ukikutana naye sokoni, kabla hamjaulizana habari za watoto, angekushika mkono na kusema, "Wanakaribia!" au, kwa huzuni ya timu iliyofungwa, "Ile ya mwisho ilichanganya wenye afya na wagonjwa. Tunaanza upya." Alisema "tunaanza", kana kwamba naye angevaa viatu aingie uwanjani. Na alikuwa na nadhiri yake: siku kipimo hicho kitakapofika Kalemie katika kisanduku kidogo, atavua viatu, ataingia ziwani mpaka magotini na kuimba.

"Na mpaka siku hiyo?" nikauliza.

"Mpaka siku hiyo tunatazama mayai. Na kisha kamera inaingia."

"Inaingia wapi?"

Alivaa miwani yake, akaita mgonjwa mwingine.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alihamishia darubini dirishani, akakigeuza kioo chake kikanasa jua. Hereni ziligonga. Alichungulia, akasogeza kioo, akachungulia tena. Halafu akaniita nichungulie. Niliona kitu kirefu kidogo, angavu, chenye mwiba mmoja mdogo nyuma, kama punje ya mpunga iliyochongwa na sonara. Lilikuwa yai, na lilikuwa langu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, nasema hivi nikiwa mtu aliyeoa. Nilitaka kuwakumbatia wote, yai na mnyoo aliyelitaga. Nilikuwa na minyoo! Sikuwa nakufa! Nilimeza vidonge palepale, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa uwaziri.

Mke wangu alilia kwa furaha, kisha akapika. Tukafanya karamu, feti kama tunavyoiita, maana kwetu jibu la minyoo ni habari ya kula pamoja: bukari, yaani ugali wa muhogo, mukeke wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, vinywaji baridi. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mtu wa bandarini mwenye sauti ya meli, aliinua glasi akasema: "Kwa minyoo! Iishi miaka mingi, lakini si ndani ya Papa!" Mama Labo alialikwa kama mgeni wa heshima. Alikula vizuri, akasifu samaki, akaomba nyongeza ya soda, na baada ya hiyo nyongeza nyingine. Alikuwa mtu wa kiu. Kisha akanawa mikono taratibu, akaikausha, akasema bila kupandisha sauti:

"Kupata mwizi mumoja mu nyumba si kusema wa pili hayuko."

Glasi zilishuka.

"Mama," shemeji akasema, "weye unapenda kuharibu feti."

"Feti napenda. Njo maana nataka Papa aikale hapa, tukule ingine."

Akaeleza pale mezani, kati ya mifupa ya samaki. Mayai ya minyoo, yakikaa miaka na miaka katika ngozi ya kibofu, yanaiacha na vidonda na makovu, na mahali hapo kanseri hupenda kujenga. "Mwizi wa kwanza anaacha mulango wazi," alisema. Kuona yai kulithibitisha kwamba wa kwanza yumo. Juu ya wa pili hakukusema neno. Mke wangu aliuliza: na kama damu ikikoma? "Itakoma," alijibu. "Damu ya kanseri nayo inajua kwenda safari, Mama. Inaondoka yenyewe, inarudi wakati inataka. Wakati haiko, vidonge njo vinapata sifa." Kwa hiyo, mkojo mwekundu au mweupe, alitaka niende Lubumbashi kutazamwa ndani.

Damu ilikoma kweli. Mkojo wangu ulikuwa safi kama maji ya chupa, na mimi nikawa mwanafalsafa tena. Nilimletea hoja nyingi, zote zimepangwa vizuri, zote za mwoga. Kamera ndiyo iliyonitisha. Shemeji alikuwa amekwisha nieleza njia inayopitia, kwa mikono yake yote miwili, mbele ya watoto. Mama Labo alisikiliza hoja zangu hadi mwisho, akasema tu: "Uliongea muzuri. Ndege iko Jumanne."

Sasa niseme ukinzani wake mkubwa, ambao nilikuwa nimeuona muda mrefu bila kuuelewa. Mwanamke huyu aliyetoa damu ya nusu ya Kalemie, aliyewaambia mawaziri wa mkoa wakunje ngumi na waache kulia, alikuwa akiogopa sindano. Yake, si ya wengine. Kiu yake kila mtu aliiona. Chupa ya maji haikumtoka mkononi, na miguu ilikuwa inamwasha hata akaanza kuvaa viatu vikubwa kuliko vyake. Wenzake walishuku sukari. Yeye alisema ni joto. Katika miezi ya kipupwe, upepo wa ziwa ukituvalisha masweta, bado alisema ni joto. Kila ilipofika siku ya wafanyakazi kupimwa, kwaya ilikuwa na mazoezi ya dharura.

Kwa hiyo siku ile, labo, mbele ya mwenzake wa kazi, mama mmoja mpole ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi na kumgombeza tangu asubuhi ya kwanza, nilimjibu:

"Nitaenda Lubumbashi. Nikirudi, weye utakaa ku kile kiti, utatolewa damu ya sukari."

Akakisukuma kile kiti ukutani kwa mguu.

"Papa Falsafa, ile si kitu kimoja."

"Njo kile kimoja. Weye unasema mwizi wa pili. Miye nasema kiu."

Alikunywa maji kwanza, ndipo akagundua amekunywa. Mwenzake alijifanya anapanga chupa.

"Uende kwanza," akasema mwishowe, akanipa mkono.

"Miye shahidi!" akapaza sauti yule mpole, kwa furaha ambayo haikuwa ya kikristo hata kidogo.

Ya Lubumbashi ni mafupi. Shemeji alikuwa ameeleza njia kwa usahihi, lakini maumivu alikuwa ameyaongezea chumvi. Daktari aliona makovu yaliyotapakaa kama mchanga uliomwagwa ukutani, kazi ya Luvua na utoto wangu wenye heshima. Na pembeni mwa mchanga ule, kijivimbe kidogo. Alikikata, kikapelekwa kupimwa. Kilikuwa kanseri. Kilikuwa bado juu juu, hakijaingia katika misuli ya kibofu. Daktari akaniuliza nani alinituma kwake nikiwa na mkojo safi namna ile.

"Mama mumoja," nikasema. "Anapenda feti."

Nitarudi kutazamwa mara kwa mara, pengine maisha yangu yote, na njia ile ya kamera nimeizoea kama mtu anavyozoea barabara mbaya ya kwao. Naishi, nakula, namkasirisha mke wangu. Sidai zaidi.

Niliporudi, Mama Labo alikuwa amestaafu. Nilimtumia ujumbe kwamba mwizi wa pili amepatikana, na kwamba nitamngoja labo. Nilidhani hatakuja. Alikuja saa sita, uani kukiwa na wanaume wanaoruka, amevaa kitenge kipya na hereni kubwa kuliko zote, kama mtu anayekwenda kuozeshwa bila kupenda. Hakunisalimia.

"Juu juu?" akauliza.

"Juu juu."

"Misuli?"

"Haijagusa."

Akavua miwani. Nikajiandaa kwa somo, lakini safari hii aliifuta tu, muda mrefu, kwa ncha ya kitenge, huku akitazama dirishani. Kisha akakiona kiti, na akili yake ikarudi kazini.

"Leo nilikula asubuhi. Hatuwezi."

"Tutapima leo, na kesho utarudi bila kula," mwenzake akasema kwa upole. "Njo weye ulitufundisha, Mama."

"Kiti iko na vumbi."

Mwenzake akakifuta. Akakifuta mara ya pili, bila haraka, kama anayekula kitu kitamu.

Aliketi. Alinishika mkono kwa nguvu za watu wa mashua, akafumba macho, akageuza uso ukutani, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Lakini alijua alto tu, na alto peke yake ni nusu ya wimbo, inapanda pale ambapo hakuna kitu. Nikaona nimsaidie. Nikaimba sauti ya kwanza, kwa koo lililozoea vumbi la chaki. Uani watu waliacha kuruka. Mtu mmoja mwenye tai, jasho likimtoka, alichungulia dirishani, akatambua ni nani yuko kitini.

"Mama!" akaita, akicheka hadi tai ikamruka begani. "Sindano haiogopi cheo!"

"Imekwisha?" akauliza Mama Labo, macho yamefumbwa.

"Bado sijakufunga mpira mkononi, Mama."

Tukaimba tena kuanzia mwanzo. Sindano ikaingia, ikatoka. Akafungua jicho moja, akaiona damu yake mwenyewe ikiwa katika kichupa mkononi mwa mwenzake, na palepale woga ukamtoka mwilini.

"Unakitikisa namna gani, kama chupa ya maziwa? Polepole! Unakipindua polepole! Kila siku nasema!"

"Ndiyo, Mama," akasema mwenzake, akikipindua polepole.

Majibu yake siyaandiki hapa. Yeye hakuwahi kutangaza ya mtu. Nasema tu kwamba anakuja kwetu kila ninaporudi salama kutoka Lubumbashi, anakula mukeke, anauliza kama wale wa mbali wanakaribia, na soda ikiwekwa mbele yake anaisukuma pole pole mpaka kwa shemeji.

"Kunywa weye," anamwambia. "Miye feti napenda."